Uislamu wa Singida katika madaftari ya watafiti

Utafiti wa kitaaluma juu ya Uislamu katika Tanzania Bara ulianzia njiani. Barabara ya misafara kutoka Bagamoyo ilikata Ugogo, ikaingia Mgunda Mkali, lile pori kame ambalo leo liko upande wa Manyoni na Itigi mkoani Singida, kisha ikatokea Unyanyembe, Tabora ya sasa. Richard Burton na John Speke walipita huko mwaka 1857. Miaka minne kabla ya hapo Burton alikuwa amekwenda Makka kwa kujifanya hujaji Mwislamu, kwa hiyo Kiarabu alikijua, na mambo ya dini aliyafahamu kuliko Wazungu wengi waliosafiri Afrika wakati ule. Kitabu chake cha mwaka 1860 kinaeleza kwa kirefu hongo zilizotozwa na watemi wa Ugogo, shida ya maji porini, na jinsi Waarabu wa Kaze, makazi yao huko Unyanyembe, walivyomkaribisha vizuri. Kiongozi wa msafara wake, Said bin Salim, alikuwa Mwislamu, na askari wake Wabaluchi vilevile. Wagogo waliosimama kando ya njia kudai hongo hawakuwa Waislamu. Basi picha ikajichora yenyewe: Uislamu ni wa wapitaji, na wenyeji ni watu wa kutazama tu.

Picha hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Kasoro yake ni kwamba ilidumu muda mrefu kuliko barabara yenyewe. Msomi baada ya msomi alipotaka kujua dini ya bara, alifuata njia ya wapagazi na kuhesabu vituo vyake.

Wajerumani walijenga boma Kilimatinde, juu ya bonde la ufa, ili kuishika njia hiyohiyo. Kwao Uislamu haukuwa jambo la kitabuni kwanza; ulikuwa jambo la usalama. Mwaka 1908 ilienea katika koloni barua iliyosemwa imetoka Makka, ikiwaonya Waislamu kwamba kiyama kimekaribia na kuwataka watubu. Maofisa walitaharuki, wakakamata walimu na kuchukua karatasi zao. Shehena ya karatasi na vitabu hivyo ndiyo ikawa mtaji wa utafiti wa kwanza wa kisomi juu ya Uislamu wa koloni hilo. Ulifanywa na Carl Heinrich Becker, profesa katika Chuo cha Makoloni cha Hamburg na mwanzilishi wa jarida la Der Islam. Mwaka 1911 alichapisha humo makala ndefu iliyoeleza vitabu vilivyokuwa mikononi mwa walimu, twarika zilivyojengeka na desturi zilivyofuatwa. Becker alikuwa mtu wa maktaba. Aliujua Uislamu wa Misri na wa vitabu vya zamani, na Afrika Mashariki aliisoma kwenye karatasi zilizoletewa meza yake. Hata hivyo alikuwa na akili tulivu kuliko wamisionari wengi waliomzunguka, kwani alishikilia kwamba Uislamu si hatari inayopaswa kupigwa vita na serikali. Makala yake ilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa katika jarida la Tanzania Notes and Records mwaka 1968, zaidi ya nusu karne baadaye, na tangu hapo imekuwa rejea ya kila anayeandika juu ya historia hiyo.

Mwaka 1913 serikali ya kikoloni iliwapelekea wakuu wa wilaya maswali juu ya kuenea kwa Uislamu katika maeneo yao. Dodoso la aina hiyo lina tabia yake. Linataka idadi: misikiti mingapi, walimu wangapi, waumini wangapi. Halina mahali pa kuandika kombe. Mwalimu huchukua sahani nyeupe, akaandika aya kwa wino wa zafarani, akaosha maandishi kwa maji ya waridi, na mgonjwa akanywa. Anayekunywa anaweza kuwa mtu asiyeswali hata rakaa moja, aliyetoka jana kwa mganga wa mizizi, na kesho atakwenda kwa mtemi kuomba mvua. Katika fomu ya ofisa mtu huyo ni mpagani. Katika maisha ya kijiji ni mtu ambaye Kurani imeshaingia nyumbani kwake. Bara ilijaa watu wa namna hiyo, na dodoso halikuwaona.

Jörg Haustein, katika kitabu chake cha mwaka 2023 juu ya Uislamu katika koloni la Wajerumani, ameirudia historia hiyo kwa jicho la kuwachunguza wachunguzi wenyewe. Anaonyesha kwamba Uislamu ulioandikwa katika majalada ulitengenezwa kwa kiasi kikubwa na mabishano ya Wajerumani wao kwa wao: wamisionari waliohofia kushindwa, maofisa waliowategemea maliwali na askari Waislamu, na maprofesa waliotaka somo lao lionekane lina faida kwa dola. Ni hoja nzito. Anayesoma jalada la boma lolote la zamani, liwe la Kilimatinde au la Tabora, anasoma kwanza wasiwasi wa aliyeandika.

Singida yenyewe ilipata mwandishi wake wa Kijerumani. Eberhard von Sick, ofisa aliyekaa huko, alichapisha maelezo marefu juu ya Wanyaturu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ni kazi ya kietnografia ya mtindo wa siku zake, inayotafuta kabila katika hali yake ya asili. Kwa mtindo huo, Mnyaturu aliyevaa kanzu na kofia hakuwa Mnyaturu wa kuandikwa. Alikuwa ameharibika kwa kuiga watu wa pwani. Huo ndio ufa ulioendelea kwa miaka mingi: mtaalamu wa makabila alimwacha Mwislamu wa bara kwa sababu si mwenyeji halisi, na mtaalamu wa Uislamu akamwacha kwa sababu si Mwislamu wa pwani.

Kwa haki, si kila kilichoandikwa enzi zile kilitoka kwenye kalamu ya Mzungu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ndiye mwandishi mkuu wa maelezo ya Desturi za Wasuaheli, yaliyochapishwa mwaka 1903, na humo mna habari za chuo, za mwalimu na mwanafunzi, ambazo hakuna profesa angeweza kuziandika kwa undani ule. Jina lililotangulia juu ya jalada lilikuwa la Carl Velten.

Baada ya Waingereza kushika Tanganyika, utafiti wa Uislamu wa bara ulilala kwa muda. Serikali ya Waingereza ilihitaji kujua sheria za kimila, ardhi na mifugo, na dini iliachiwa misheni. Kitabu cha J. Spencer Trimingham juu ya Uislamu katika Afrika Mashariki, kilichochapishwa Oxford mwaka 1964, kilijaribu kuiweka picha nzima mahali pamoja. Trimingham alikuwa kasisi wa Kianglikana aliyefanya kazi Sudani kabla ya kugeuka mtaalamu wa Uislamu wa Afrika, na alikuwa na kipaji cha kupanga mambo. Kwake pwani ndiyo kiini, na bara ni mwangwi wake katika miji ya biashara. Wanafunzi wa vyuo vikuu walikitumia kitabu hicho kwa miongo mingi, nao ubaguzi wa pwani na bara wakaumeza pamoja nacho.

Mwaka huohuo wa 1964, mwezi Januari, wataalamu walikutana Zaria, Nigeria ya kaskazini, katika Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, kuzungumzia Uislamu katika Afrika ya kitropiki. Makala za mkutano huo zilihaririwa na I. M. Lewis na kutoka kama kitabu mwaka 1966. Nyingi zilijibu swali lililozoeleka: Uislamu umeeneaje? Peter Rigby, kijana wa anthropolojia aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliligeuza swali. Misafara ya Waislamu ilipita Ugogo karibu karne nzima. Wagogo waliuza maji na nafaka kwa Waislamu, wakatoza hongo kwa Waislamu, wakasikia adhana kwenye kambi za wasafiri mwaka hadi mwaka. Mbona basi wachache tu ndio waliosilimu?

Jibu lake alilitafuta katika mpangilio wa jamii ya Wagogo yenyewe, na hapo ndipo thamani ya makala ile ilipo. Mgogo wa miaka ile hakuwa na kijiji kwa maana ya nyumba zilizobanana. Alikuwa na kaya, tembe pana la udongo lenye zizi katikati, na kaya ilihama mvua ilipokataa au malisho yalipokwisha. Msikiti unahitaji watu wanaokaa. Ng'ombe walikuwa mahari, walikuwa urithi, walikuwa ujamaa wote wa mtu na wakwe zake. Sheria ya mirathi ya Kiislamu, inayogawa kwa mafungu na kumpa binti fungu lake, ingeupasua mfumo huo katikati. Na mambo makubwa ya nchi, yaani mvua, mbegu na afya ya ardhi, yalikuwa mikononi mwa mtemi mwenye mawe ya mvua. Katika nchi ambayo mvua ikikosa watu wanakufa njaa, dini isiyoigusa mvua ina kazi ngumu.

Makala ya Rigby haikuwa ndefu, lakini iliwafundisha wengine kwamba kugusana na Uislamu si sababu ya kusilimu. Tangu hapo mtu hawezi kusema tu kwamba misafara ilileta Uislamu bara, akaweka kalamu chini. Rigby mwenyewe aliendelea na mambo mengine. Kitabu chake juu ya ng'ombe na udugu wa Wagogo kilitoka mwaka 1969, na baadaye alijulikana zaidi kwa maandishi yake juu ya Wamasai.

Ugogo wa Rigby unaingia mkoa wa Singida kwa upande wa Manyoni. Mkoa huo, ulioundwa mwaka 1963 kutoka Jimbo la Kati la zamani, umeunganisha chini ya jina moja nchi mbili zilizopokea Uislamu kwa namna mbili tofauti. Kusini kuna Ugogo wa njia ya misafara. Kaskazini kuna Unyaturu, nchi ya mawe makubwa na maziwa ya chumvi, Singidani na Kindai, iliyokaa pembeni mwa barabara kuu. Kama hadithi ya misafara ingekuwa na jibu lote, Uislamu ungeshamiri Kilimatinde na kukosekana Unyaturu. Mambo yalikwenda kinyume. Wanyaturu wakawa na Waislamu wengi sana, mjini na vijijini, na kwa sehemu kubwa jambo hilo lilitokea katika karne ya 20, misafara ikiwa imeshakufa.

Ukilipima kwa vipimo vya Rigby, Unyaturu una majibu yake. Mnyaturu alikuwa mkulima aliyekaa. Shamba lake la uwele na mtama lilitiwa samadi ya ng'ombe wake mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo hakuhamahama. Tohara ya wavulana ilikuwa desturi yake ya zamani. Sharti ambalo kwa watu wengine wa bara lilikuwa kizingiti, kwake lilikuwa jambo la kawaida. Halafu kuna mambo ambayo Rigby hakuwa na haja ya kuyatazama kwa Wagogo wake: boma la Singida lenye askari na makarani, wafanyabiashara wa Kiarabu, Kisomali na Kihindi waliofungua maduka, tawi la reli lililofika Singida kutoka Manyoni katika miaka ya 1930 na kung'olewa baadaye, na zaidi ya yote manamba. Vijana wa nchi kavu za kati walikwenda kwenye mashamba ya mkonge, wakaishi kambini na watu wa kila kabila, na wengi walirudi na jina jipya, Kiswahili safi na dini. John Iliffe, katika historia yake kubwa ya Tanganyika ya mwaka 1979, ameeleza jinsi Uislamu wa baina ya vita viwili ulivyosafiri na watu wa namna hiyo kuliko na mashehe wenye vyeo.

Waliofanya utafiti Unyaturu wenyewe hawakuja kwa ajili ya dini. Harold Schneider, Mmarekani, alikaa Wahi, eneo la Unyaturu, mwaka 1959 na 1960, na kitabu chake cha mwaka 1970 ni hoja moja ndefu kwamba Mnyaturu ni mchumi hodari: nafaka anaigeuza kuwa mbuzi, mbuzi kuwa ng'ombe, na ng'ombe kuwa wake na wafuasi. Marguerite Jellicoe, aliyefika kama ofisa wa maendeleo ya jamii, alikuwa na sikio pana zaidi. Kazi yake juu ya Wahi, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1978, inafuata mabadiliko ya jamii nzima kwa miaka mingi. Lakini lililobaki midomoni mwa watu wa Singida kutokana na maandishi yake ni makala yake ya mwaka 1969 juu ya Wanyaturu waliowapinga Wajerumani wakiongozwa na mwanamke, Liti. Leo uwanja wa mpira wa Singida mjini unaitwa Liti. Ni mara chache makala ya jarida la kisomi na jina la goli na jukwaa hukutana namna hiyo. Walimu wa madrasa waliousambaza Uislamu katika nchi hiyohiyo, kizazi kimoja baada ya Liti, hawakupata mwandishi wa kuwafanyia vile.

Katika miaka ya 1970 na 1980 uzito wa utafiti ulirudi pwani, safari hii kwa njia ya twarika. August Nimtz alifanya utafiti Bagamoyo, na kitabu chake cha mwaka 1980 kilieleza Kadiria ya Shehe Ramiya, aliyeletwa kutoka Manyema akiwa mtumwa, akafa mwaka 1931 akiwa shehe mkubwa wa mji. Nimtz alitaka kuonyesha kwamba twarika iliwafungulia mlango watu ambao uungwana wa pwani uliwafungia. Kutoka kwake na kwa mwanahistoria B. G. Martin wasomaji walijua pia kwamba Kadiria ilifika Tabora kabla ya karne ya 20 kwa mkono wa Shehe Zahur bin Muhammad kutoka upande wa Barawa. Tabora iko jirani na Singida, na dhikri ya Kadiria ilisikika mbali. Kwa wasomi wa Kiislamu wenyewe, hazina kubwa ya kipindi hicho ni kijitabu cha Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 1972. Al-Farsy aliandika kwa Kiswahili, kwa njia ya zamani ya kutaja shehe, walimu wake na wanafunzi wake. Randall Pouwels alikitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1989, nacho kikawa chanzo cha watafiti wa kigeni. Hapa mto ulitiririka kinyume na kawaida yake: profesa akawa anasoma silsila. Mashehe wa al-Farsy, lakini, ni wa Zanzibar, Mombasa, Lamu na Komoro.

Athari ya utafiti kwa Waislamu wa kawaida ilionekana wazi zaidi katika miaka ya 1990, na ilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1992 padri John Sivalon, Mmarekani wa shirika la Maryknoll aliyefundisha sosholojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha kwa Kiswahili kitabu juu ya Kanisa Katoliki na siasa ya Tanzania Bara kuanzia mwaka 1953 hadi 1985. Kilitokana na utafiti wake wa shahada ya uzamivu. Waislamu walikisoma kama ushahidi wa nguvu ya Kanisa katika siasa, uliotoka ndani ya nyumba. Kilinukuliwa katika mihadhara ya misikitini, magazetini, na katika maandishi ya wasomi wa Kiislamu kama Mohamed Said, aliyeandika maisha ya mwanasiasa Abdulwahid Sykes mwaka 1998, na Hamza Njozi, aliyeandika mwaka 2000 juu ya mauaji ya Waislamu huko Mwembechai, Dar es Salaam. Kwa mara ya kwanza tanbihi za tasnifu zikawa silaha ya muhadhara. Lawrence Mbogoni aliandika juu ya msuguano wa Wakristo na Waislamu mwaka 2005 kwa utulivu zaidi, na pengine kwa sababu hiyohiyo hakunukuliwa sana vibarazani.

Mjadala huo ulikuwa na jeraha lake la takwimu. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza dini ya mtu. Baada ya hapo kila upande umejihesabu wenyewe, na mtafiti anayekuja Singida hana tarakimu ya kushika. Hesabu ya zamani nayo ilipitwa na mambo haraka, kwani Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kufikia mwaka 1976 watu wa mikoa ya kati walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vya Ujamaa. Kaya zilizokuwa zimetawanyika ziliwekwa kwenye mistari, jirani na shule na zahanati. Kile kizingiti cha makazi alichokitambua Rigby Ugogo kiliondolewa na trekta la serikali, bila mtu yeyote kufikiria msikiti wala kanisa.

Felicitas Becker, katika kitabu chake cha mwaka 2008 juu ya watu wa kusini mashariki walivyosilimu kati ya miaka ya 1890 na 2000, alionyesha njia ya kuandika historia ya aina hii pasipo kuanzia kwa mashehe wakubwa. Alikaa vijijini Lindi na Mtwara na kuuliza wazee: nani alikuwa wa kwanza kuswali hapa, alijifunzia wapi, na kwa nini wengine walimfuata? Majibu aliyoyapata yalihusu heshima, usawa na kuondokana na aibu ya utumwa zaidi kuliko yalivyohusu fikihi. Maswali hayo yanafaa Ilongero au Ikungi mkoani Singida kama yalivyofaa Lindi, maana huko pia wapo wazee wanaokumbuka ubao ulioandikwa kwa wino wa masizi, ukaoshwa na kuandikwa tena, na jina la mwalimu aliyeushika.

Vyuo vya Waislamu wenyewe vimeingia katika kazi hii kwa kuchelewa. Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kilifunguliwa mwaka 2005, na kwa miaka mingi makamu mkuu wake alikuwa Njozi yuleyule. Kabla yake, Warsha ya Waandishi wa Kiislamu ya miaka ya 1970 na 1980, na baadaye vitabu vya Darasa la Watu Wazima vya Islamic Propagation Centre, vilileta Uislamu wa kusomwa kwa mada na maswali hadi kwenye madrasa za mikoani. Mbinu yao ilikuwa ya watu waliosoma chuo kikuu: fasili, sababu, hoja, hitimisho. Hapo nidhamu ya kitaaluma ilibadilisha namna Uislamu unavyofundishwa, hata pale ambapo mafunzo yenyewe hayakubadilika.

Katika mtihani wa historia wa kidato cha nne, mwanafunzi wa Manyoni akiulizwa athari za biashara ya masafa marefu, mojawapo ya majibu yanayotarajiwa ni kwamba ilieneza Uislamu bara. Anaandika, anapata alama yake. Shule yake huenda iko mwendo mfupi tu kutoka Kilimatinde, juu ya barabara ileile ambayo misafara ya Waislamu ilipita karibu miaka mia, na wazee wa wazee wake wakatoza hongo na kubaki na mtemi wao wa mvua.